Mwali Asiyekaa Kitako

Mwezi uliopita Tatu alikuja kunitembelea hapa Maili Moja akitokea Mzenga, ameshikwa mkono na mjukuu wake kwa sababu macho yake yameshaingia ukungu. Mimi na Tatu ni watoto wa ndugu wawili, na zamani za Mwingereza tuliwekwa ndani siku moja, chumba kimoja, tukiwa wasichana. Alipokaa tu kwenye kochi, hata maji hajanywa, akaniuliza, "Zaina, siku hizi unakaa?" Nikamwambia sikai. Tukacheka mpaka mjukuu wake akaja mbio kuangalia nani anaumwa. Watu wa nyumba hii hawakujua tunacheka nini, na mimi wiki hiyo nilikuwa na sababu ya kutaka wajue, maana siku tatu kabla nilikuwa nimekaa mbele ya daktari nikiulizwa maswali ambayo Bi Mwamvita, kungwi wetu, angekuwa hai, angeyajibu yote bila kumeza mate.

Maswali yenyewe hayakunihusu. Yalimhusu kitukuu changu Nasra, mwenye miaka minane, ambaye mwalimu wake alikuwa ameandika barua kwamba mtoto hana adabu, hatulii, na anasumbua wenzake. Mama yake yuko kazini kutwa, nikampeleka mimi. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole, ana karatasi mkononi, anauliza na kutia alama. Je, bibi, akianza kazi anaimaliza? Nikasema haimalizi. Anapoteza vitu? Viatu vya shule jozi mbili tangu mwaka uanze. Anaingilia watu wakizungumza? Unaweza kumsemesha usoni na bado usijue kama amekusikia? Mikono na miguu yake inatulia? Na je, ipo kazi ambayo akiipenda anazama humo mpaka hasikii akiitwa kula? Kwenye swali hilo la mwisho nilishika ukingo wa meza. Nikamwambia, "Daktari, hebu subiri. Unamuuliza Nasra au unaniuliza mimi?" Akacheka, kisha akaona mimi sicheki, akaweka kalamu chini. Akanieleza taratibu kwamba hiyo ni hali inayogusa umakini na utulivu, ina jina refu la Kizungu, mtu anazaliwa nayo, si utovu wa adabu, si malezi mabaya wala pepo. Akasema mara nyingi inatembea katika ukoo, na wasichana wengi hupita bila kutambuliwa. "Hata wazee wanayo?" nikauliza. "Hata wazee, bibi." Nilitoka pale na Nasra wangu nimenyanyua kichwa kama niliyeshinda kesi, na mkoba wangu nikausahau juu ya kiti chake.

Sasa niuseme mwaka wenyewe tuliowekwa ndani, kabla sijaingia habari nyingine. Ulianza wakati korosho zinaanguka. Kwetu Uzaramoni msichana akishavunja ungo alikuwa haonekani tena kisimani. Aliwekwa ndani, akaitwa mwali, akakabidhiwa kwa kungwi, yaani mama wa kumfunza, na humo ndani akakaa miezi, wengine mwaka mzima. Hatoki mchana, haonwi na mwanamume, hapazi sauti, haangalii mtu usoni. Anakaa. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa, kukaa kitako akiwa ameinamisha macho, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma na vigelegele na kubebwa mabegani. Kwa msichana kama Tatu yalikuwa mapumziko matupu. Alinenepa, akang'aa, akajifunza kunyamaza kwa namna ya kupendeza. Mimi niliwekwa ndani mtu yule yule ambaye siku moja alitumwa chumvi kwa jirani akarudi jioni ameshika kifaranga, chumvi hakuna, na hajui aliyempa kifaranga ni nani.

Chumba chetu kilikuwa uani kwa Bi Mwamvita, Mzenga. Ninaweza kukichora hata sasa. Kuta za udongo, dari ya makuti iliyopigwa moshi ikawa nyeusi, kitanda kimoja cha kamba tulicholala wawili mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni kwa yule, mtungi wa maji kwenye kona, na pembeni ya mlango mzigo wa kuni, kwa sababu masika yakianza kuni zinahifadhiwa ndani. Kulikuwa na ufa ukutani, upana wa kidole, na mimi niliuona siku ya kwanza kabla sijaona kitanda. Kwenye ufa ule nilitazama dunia yote. Asubuhi ilisikika honi ya gari moshi kutoka upande wa Soga, nami nakimbilia kwenye ufa kama vile gari moshi litapita uani. Kuku akitaga, niko kwenye ufa. Wanawake wakija kutwanga, niko kwenye ufa, na kila walilosema nilikuwa nalisikia lote kwa pamoja: huyu anasema mume wake ana kikohozi, yule anasema mpunga wa bondeni umeliwa na ndege, na nyuma yao mchi unapiga na mbuzi analia. Tatu alikuwa hasikii hata robo yake. Nikimuuliza, ananiambia, "Mimi nilikuwa nimekaa tu." Sikuelewa mtu anawezaje kukaa tu.

Siku moja mama mmoja mgeni alikuwa uani akiwaeleza wenzake kwamba Bwana DC atakuja kutoka Kisarawe Jumatano, na watu wote wafagie njia. Mimi nilikuwa nimemsikia tarishi wa jumbe akipita asubuhi, na siku aliyoitangaza haikuwa Jumatano. Kabla sijajijua nimepaza sauti kutoka ndani, "Si Jumatano, ni Alhamisi!" Mwali ambaye hatakiwi hata kukohoa kwa nguvu amemsahihisha mgeni kwa habari za serikali. Bi Mwamvita aliingia akanifinya sikio mpaka nikaona nyota mchana, na huku ananifinya nikasikia watu nje wanaanza kucheka, na mmoja anasema, "Lakini kweli, ni Alhamisi." Tatu alijifunika kanga asionekane akicheka. Aliitunza siku hiyo moyoni, na nitakuja kueleza aliitumiaje.

Bi Mwamvita si bibi mpole wa kusimuliwa kwenye hadithi. Alikuwa mrefu, mkavu, mnusa ugoro, mwenye ulimi mkali, na hakuwa na subira na mtu yeyote isipokuwa mbuzi wake. Alijaribu kwangu kila dawa aliyorithi. Alinifinya, alininyima kitoweo, akanilisha ugali wa muhogo mtupu huku Tatu anakula kisamvu cha nazi mbele yangu. Akanifunga kifundo cha mguu kwa kamba kwenye tendegu la kitanda, nikatoka nje na kitanda. Sitii chumvi, nilikivuta mpaka mlangoni, Tatu akiwa juu yake amelala. Nilikuwa nikilia jioni kwa uchungu, kwa sababu nilitaka kukaa. Hilo ndilo mtu haelewi kama hajapitia. Kila asubuhi niliamka nimeapa kwamba leo nitakaa kama Tatu, na jua likiwa bado chini nilikuwa nimeshasimama, nimeshasema, nimeshamwaga kitu. Nilijiona mbovu tangu kuumbwa.

Kila mwali alipewa mwana hiti. Huyo ni sanamu ndogo ya mti mgumu, urefu wa kiganja na vidole, ana kichwa na kiwiliwili, hana mikono. Ni mtoto wako. Unamwogesha, unampaka mafuta ya nyonyo, unamvika shanga, unalala naye, na namna unavyomtunza ndivyo watu wanavyopima utakavyolea. Wa Tatu alikuwa mpya. Wangu alikuwa wa ukoo, mweusi kwa mafuta ya miaka, na kabla yangu alilelewa na Shangazi Mwajuma, dada wa baba yangu, alipokuwa mwali yeye. Shangazi alinikabidhi kwa mikono miwili na kuniambia nisimwangushe. Sikumwangusha. Nilimpoteza, ndani ya chumba hatua nne kwa nne, karibu kila siku. Nilimkuta ndani ya mtungi, nilimkuta chini ya mkeka, siku moja Tatu alimkuta juu ya dari na mimi sikumbuki nilipandaje.

Mpunga ulipovunwa ikapangwa siku ya kututoa. Siku mbili kabla, Shangazi Mwajuma alikuja kusaidia mapishi. Mimi nilikuwa nampaka mwana hiti mafuta ya mwisho mwisho, nimefurahi, na kwa mara ya kwanza nimekaa kidogo. Gari moshi likapiga honi. Nikanyanyuka kwenda kwenye ufa, nikamweka mwana hiti chini, na niliporudi nikaanza kupanga shanga, kisha nikaanza kukunja kanga, kisha sijui nini. Nilikuwa nimemweka juu ya kuni. Shangazi aliingia, akakumbatia mzigo wa kuni, akatoka nao akausukuma motoni. Harufu ya mafuta ya nyonyo yanayoungua ndiyo iliyomshtua. Alitumbukiza mkono mtupu kwenye moto akamchomoa. Niliona kwenye ufa, mkono wake na yule mtoto wa mti vyote vinafuka moshi. Hakupiga kelele. Alimpozea ndani ya maji kwanza, ndipo akatia na mkono wake.

Walizungumza uani, na mimi nikisikia kila neno. "Mtoto huyu ana mtu kichwani," Shangazi alisema. "Mwana wake mwenyewe kamtia motoni. Msichana mwenye akili yake hafanyi hivyo." Mama mwingine akadakia kwamba yeye aliliona zamani. Bi Mwamvita nilimsikia anavuta ugoro. Shangazi akakata kauli: Tatu atatolewa, mimi nitabaki ndani mpaka korosho. Zikifika korosho nitawekwa mkekani mbele ya watu kama kila mwali. Nikikaa, nimetoka. Nikishindwa, sitatolewa kamwe kwa ngoma ya mwali, nitapelekwa kwa mganga nipungwe pepo. Watu wa sasa wanaweza kuona ni adhabu ndogo. Sisi tulijua. Ukishapigiwa ngoma ya pepo unakuwa kiti chake cha kukalia, na ukiwa kiti ni kiti mpaka kaburini. Kila ukicheka, pepo. Kila ukikasirika, pepo. Hakuna jambo utakalolitenda tena likaitwa lako. Nilikuwa na miaka kumi na nne na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote tangu hapo, nami nimezika waume wawili.

Tatu akatolewa. Nilitazama kwenye ufa akibebwa, nikapiga vigelegele kimoyomoyo, kisha nikabaki na kitanda kizima peke yangu. Ndipo Bi Mwamvita akaacha kunifinya. Kwa siku kadhaa hakusema nami kabisa, alikuwa akiingia na kukaa mlangoni ananitazama tu, kama mtu anayetazama mbuzi mgonjwa apate kujua anaumwa wapi. Siku moja akateleka chungu cha kunde kwenye mafiga pale mlangoni, akaniambia, "Kaa hapo, mikono mapajani, mpaka kunde ziive." Nikakaa. Akaniuliza baadaye nimesimama mara ngapi. Nikamwambia sijasimama. "Umesimama mara tano," akasema, "na maji hayajachemka." Nilidhani ananisingizia. Kesho yake akateleka tena kunde, lakini safari hii akanitupia mapajani chane za mkindu, zile nyuzi za majani zilizochanwa tayari kwa kusuka, akasema nisuke ukili, ule utepe mrefu ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Mimi ukili nilikuwa nimeshafundishwa nikaacha, kama nilivyoacha kila kitu. Nikaanza kwa kumridhisha tu. Mkono ukashika, ukaendelea, chane moja chini moja juu, na nilichokumbuka baada ya hapo ni Bi Mwamvita amenishika bega ananitikisa. Kunde zilikuwa zimeiva, zimetiwa tui, zimepakuliwa, zimepoa. Alikuwa ameniita mara nne.

Alikaa chini pale pale mavumbini na ugoro wake ukamwagika. "Basi ndiyo hii," akasema. "Ndiyo ile ile." Nikamuuliza ile ipi. Akasema, "Weye ukikaa bure, kichwa kinatoka kwenda kutafuta kazi. Mikono ikiwa na kazi, kichwa kinakaa nyumbani. Na miye ndivyo nilivyo. Unadhani nilikaa ndani muda gani? Misimu mitatu, mwanangu. Mitatu. Kungwi wangu alinipiga mpaka akachoka, na siku nilipotolewa nilitolewa kwa huruma." Nikamuuliza sasa anafanyaje. Akasema ndiyo maana ana mbuzi kumi na mmoja, ananusa ugoro, na hajawahi kukaa msibani bila kuchambua mchele. Nilicheka na nikalia kwa wakati mmoja. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuna mtu mwingine duniani wa namna yangu, tena mtu mzima, tena kungwi anayeogopwa kijiji kizima.

Nilipomweleza daktari wa Nasra habari za chungu cha kunde, aliniomba nirudie taratibu ili aandike. Sidai kwamba ukili ni dawa. Nasra anafuatwa na daktari, mwalimu wake ameitwa akaelezwa, na ile barua ya kusema hana adabu ameichana mbele yangu mwenyewe, nami nikampa mkono. Ninachosema ni kwamba mwanamke asiyejua kusoma, huko Mzenga, aliniona. Alitazama akapima, akapima tena kwa chungu cha pili, akajua. Na akishajua hakukaa na ujuzi wake. Alimfunga mwana hiti kiunoni mwangu kwa kamba ya ukili, hakupotea tena hata siku moja. Akinituma mambo matatu alinifunga mafundo matatu kwenye pindo la kanga, na kila nililolimaliza nikafungua fundo. Alinikataza kujibu neno kabla sijameza mate mara mbili, na hilo sikulishika vizuri mpaka leo, lakini nilijaribu. Miezi ile ya mwisho peke yangu na yule mama mkali ndiyo miezi niliyojifunza kwamba naweza. Sijaisahau raha yake.

Korosho zikaanguka, siku ikafika. Asubuhi Bi Mwamvita akaloweka chane ndani ya sufuria, kwa sababu chane kavu zinachakarisha na mbichi hazina sauti. Nikakalishwa mkekani katikati ya uwanja, nimefunikwa kanga mbili kutoka utosini mpaka miguuni, kama ilivyo desturi, na kabla ya kanga ya pili kushuka Bi Mwamvita akaniinamia kana kwamba ananitengeneza shingo, akaniwekea zile chane mapajani. Akaninong'oneza, "Kichwa chini. Suka." Shangazi Mwajuma akayasema masharti kwa sauti, kila mtu asikie. Mwali asiinue kichwa, asicheke, asiseme, asinyanyuke, mpaka ngoma zote ziishe. Mkono wake wa kulia, niliuona kwa chini ya pindo, ulikuwa na ngozi ya waridi iliyovutana pale moto ulipoupata. Nikashika chane ya kwanza.

Ngoma ikalia. Wanawake wakanizunguka, maana kazi yao siku hiyo ni kumjaribu mwali. Wakaniimbia masimango, wakaiga nilivyoburuta kitanda, mmoja akajifanya anatafuta mwana hiti ndani ya nywele za mwenzake, watu wakaanguka kwa kicheko. Mimi chane moja chini, moja juu. Jua likapanda, jasho likanitiririka, miguu ikafa ganzi, na mimi ndani ya kanga zangu nikawa mbali na tulivu. Halafu wakamleta Tatu. Yeye alikuwa ameshakuwa mkubwa sasa, kwa hiyo alikuwa na haki ya kunijaribu, na alinijua kuliko wote. Akakaa karibu na sikio langu, akawaambia wenzake kwa sauti tamu, "Enyi mama zangu, mnakumbuka ile siku Bwana DC alipokuja Mzenga? Ilikuwa Jumatano." Mdomo wangu ukafunguka. Nakiri. Ulifunguka, neno likafika kwenye meno. Nikameza mate mara mbili. "Jumatano asubuhi," Tatu akasema tena, msaliti yule, na vidole vyangu vikaukaza ukili mpaka ukaniuma. Neno likarudi lilikotoka. Kwa mwaka mzima hakuna kitu kilichokaribia kunishinda kama Alhamisi ile, na niliimeza nzima.

Ilipofika adhuhuri nilisikia mapigo ya kumaliza, nami nilikuwa nimebakiwa na chane chache tu. Bi Mwamvita alikuwa amepima vizuri. Lakini Shangazi akainua mkono akasema, "Bado. Pigeni tena." Hakuwa ameridhika. Ngoma ikaanza upya na chane zikaniishia mkononi. Pale pale nikasikia mwili wangu unaamka wote kwa pamoja. Mgongo ukawasha, goti likaanza kuruka, masikio yakafunguka, nikasikia mbuzi, nikasikia mtoto analia mbali, na honi ya gari moshi ikapiga kutoka Soga na shingo yangu ikaanza kunyanyuka yenyewe. Nilimwona mganga akilini. Nilijiona nimekuwa kiti. Bi Mwamvita hakuweza kunifikia, wala hakuna mtu wa kuniambia nifanye nini, na wazo lililokuja lilikuwa langu mimi mwenyewe. Nikaushika ukili kwenye mwanzo wake, nikaufumua. Wote. Kisha nikaanza upya, chane moja chini, moja juu, kwa nyuzi zile zile zilizokwisha kunjika. Shingo ikarudi chini. Nilifika mwisho, nikafumua tena, nikaanza tena, na sijui ngoma ilinyamaza saa ngapi, kwa sababu nilipofunuliwa kanga wapigaji walikuwa wameshaketi wanafuta jasho.

Aliyenifunua ni Shangazi. Ukili ukateremka mapajani kwangu mbele ya uwanja mzima, na minong'ono ikapita kama upepo kwenye mpunga. "Nini hiki?" akauliza.

"Ukili," Bi Mwamvita akajibu, anatia ugoro puani bila haraka.

"Nilisema mwali akae. Huyu kakaa au kasuka?"

"Kakaa akisuka. Masharti umeyasema weye mwenyewe, Mwajuma, na sote tumesikia. Kichwa kainua? Kacheka? Kasema? Kanyanyuka? Taja alilovunja, nami nitampeleka kwa mganga kwa mkono wangu."

Tatu alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili, machozi yanamtoka. Shangazi akachuchumaa mbele yangu, akauchukua ukili, akaupitisha kwenye ule mkono wake wenye kovu, pande kwa pande, akitafuta kosa. Yeye alikuwa msukaji, chane iliyorukwa haikumpita. Alifika mwisho, akarudi mwanzo. Akaugusa kwa kidole. "Chane hizi zimekunjwa zaidi ya mara moja," akasema. "Kwa nini?"

Nilimtazama Bi Mwamvita, akaitikia kwa kichwa kwamba naruhusiwa kusema. "Shikamoo, Shangazi," nikasema. "Ziliniishia. Nikafumua, nikasuka tena."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili, Shangazi."

Niliona kidevu chake kinatikisika, mwanamke ambaye hakulia hata alipoungua. "Marahaba," akasema kwanza, kwa kuwa alikuwa hajaipokea shikamoo yangu. Kisha akageuka kuwatazama watu na sauti yake ikapanda. "Mlisema ana pepo. Na miye nilisema. Haya, nani amepata kuona pepo anafumua kazi ya asubuhi nzima, asikasirike, akaianza upya? Pepo gani mwenye subira hiyo? Huyu ni mwanangu Zaina, na kazi hii ni ya mikono yake." Akaufunga ukili kiunoni mwake mwenyewe, juu ya kanga. Vijana wa kike waliopangwa kunibeba wakasogea, akawasimamisha kwa kiganja. Akanigeuzia mgongo, akainama mpaka magoti yake yakagusa mkeka, akasema, "Panda."

Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi, ikabidi Tatu na Bi Mwamvita waninyanyue kila mmoja upande wake. Shangazi Mwajuma akasimama nami mabegani, vigelegele vikapasuka uwanja mzima, na tukatoka kwenda njiani. Mwali hutolewa akiwa ameinamisha macho. Mimi niliyainua. Nilitazama mapaa ya makuti ya Mzenga, nikatazama mikorosho, mbuzi, watoto wanaokimbia pembeni, kila mtu kwa jina lake, vyote kwa pamoja kama nilivyozoea kuvitazama, nikawapungia mikono yote miwili, na Shangazi chini yangu akapaza sauti, "Mtazameni! Mtazameni mwanangu!"